Ketamini: Kizibo cha Mlango wa Maumivu

Hapa Kerugoya, chini ya Mlima Kenya, nasikia maneno yaleyale ninayoyasikia kwetu Mombasa: "Usikubali kuchomwa ile dawa ya wanyama." Wanaikusudia ketamini. Mgonjwa akiikataa kwa uvumi, atakayeteseka ni yeye, kwa hiyo ni vyema tuielewe.

Ukiumia, mishipa ya fahamu hupeleka habari hadi uti wa mgongo, na mjumbe wake mkuu ni kemikali iitwayo glutameti. Mjumbe huyu hufungua milango ya seli inayopokea habari. Mlango mmojawapo, uitwao NMDA, huwa umezibwa na magnesiamu, ile ile wanayochomwa wajawazito wenye kifafa cha mimba. Maumivu yakizidi na kurudiarudia, kizibo hung'oka, kalsiamu huingia, na seli huwa nyepesi kushtuka. Hapo hata shuka ikikugusa utasikia uchungu. Ketamini huingia katika mlango huo na kuuziba tena.

Dawa hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, ikaidhinishwa huko kwa matumizi ya binadamu mwaka 1970. Ni kweli madaktari wa mifugo huitumia, lakini hata penisilini hudungwa ng'ombe. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu, kwa kuwa kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na presha yake haishuki. Hivyo upasuaji huwezekana hata pasipo mashine ya usingizi wala umeme wa kutegemewa. Kwa kipimo kidogo, hutuliza maumivu bila kumlaza mtu.

Mbona basi tusiifunge milango yote ya glutameti, maumivu yakaisha? Kwa sababu ubongo huitumia milango hiyohiyo kujifunza na kukumbuka. Ndiyo maana anayezinduka baada ya ketamini huweza kuweweseka na kuona njozi. Anayeifanya kilevi kwa muda mrefu huweza kuharibu kibofu chake. Watafiti bado wanasaka dawa itakayozuia maumivu na kuiacha akili salama.

Mwaka 2015 China ilitaka Umoja wa Mataifa uiwekee ketamini udhibiti wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani lilishauri isifanywe hivyo, kwani nchi zisizo na dawa mbadala zingebaki bila njia ya kupasua wagonjwa kwa usalama. Hospitali ndogo, za huku mlimani na za kwetu pwani, ndizo zingeumia kwanza.

Kwa Muislamu mwenye wasiwasi, masheikh wengi huruhusu dawa ya usingizi kwa haja ya tiba, nayo haihesabiwi kuwa ulevi. Ukiambiwa utapewa ketamini, mweleze mtaalamu wa usingizi kama una presha, ugonjwa wa moyo au umewahi kuugua akili, umuulize na kipimo chake. Maswali hayo yatakufaa kuliko uvumi wa barazani.