Nafasi na Jina: Historia Fupi ya Rekodi katika Lugha za Kompyuta

Programu ya kompyuta hugawanywa katika fanksheni, yaani sehemu ndogo zenye kazi maalumu, nazo hupelekeana thamani. Thamani hizo zichukuliwe katika chombo gani? Swali hilo laonekana dogo, walakini historia yake ni ndefu.

Katika FORTRAN II, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1958, thamani zilizopelekwa zilitambuliwa kwa nafasi tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatari yake ni dhahiri. Dar es Salaam iko yapata nyuzi 6.8 kusini ya Ikweta na nyuzi 39.3 mashariki, basi huandikwa -6.8 na 39.3. Fanksheni ikizipokea kinyume, mji wahamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, wala mashine hailalamiki, kwa kuwa namba zote mbili ni halali.

Dawa yake ilikuwa jina. COBOL, mwaka 1960, ilitumia rekodi, yaani fungu la thamani ambamo kila moja ina jina lake. Mwaka 1965 C. A. R. Hoare aliipa rekodi msingi wa nadharia, na Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, ikaieneza. Jambo hili si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili: isemwe "mtoto amekisoma kitabu" au "kitabu mtoto amekisoma", viambishi a- na -ki- huonyesha msomaji ni nani na kilichosomwa ni nini.

Kisha Simula 67, iliyobuniwa Norway na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, iliunganisha thamani na fanksheni zake katika umbo moja. Java, mwaka 1995, ilishika njia hiyo. Faida yake ni kubwa pale penye kanuni za kulindwa. Lakini kwa kupeleka namba mbili tu, maandishi yalizidi haja, na kishawishi cha kurudia orodha zisizo na majina kikawa kikubwa. Ndiyo maana Python 3.7, mwaka 2018, ilileta njia fupi ya kutunga rekodi, na Java 16, mwaka 2021, ikaleta rekodi ambazo sehemu zake hazibadilishwi zikisha kujazwa.

Yaonekana basi kwamba thamani moja yaweza kwenda peke yake. Mbili za aina moja, ziwezazo kubadilishana nafasi pasipo kugunduliwa, zastahili rekodi. Na umbo kubwa zaidi lingoje mpaka pawepo kanuni ya kulinda.