Kutoka Ubao wa Kuchorea hadi Kioo cha Kompyuta

Walimu wa Kiswahili wanajua kuwa neno msanifu ni ndugu wa neno sanifu, tulitamkalo kila siku darasani. Msanifu wa majengo, kwa karne nyingi, alisanifu kwa mkono: penseli, rula na bikari. Akikosea kipimo kimoja, huenda karatasi nzima ikarudiwa.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, aliwasilisha tasnifu juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Mtu aligusa kioo cha mashine kwa kalamu ya nuru, mstari ukatokea. Akiamuru mistari miwili iwe sambamba, mashine ikaisawazisha yenyewe. Lakini mashine hiyo ilikuwa kubwa mno, haikufaa ofisi ya mchoraji. Ikabidi kungoja hadi 1982, kampuni ya Autodesk ilipotoa AutoCAD, programu ya kompyuta ndogo ya mezani. Hapo ubao ukaanza kuhama ofisini.

Hata hivyo AutoCAD ya awali, kwa maoni yangu, iliharakisha mkono tu. Fikra ilibaki ile ile. Jambo kubwa zaidi lilionekana Bilbao, Hispania, ambako jumba la makumbusho la Guggenheim lilifunguliwa mwaka 1997. Frank Gehry alilibuni kwa michoro na vielelezo vidogo vya mkono, wala yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kompyuta. Wasaidizi wake ndio waliovipima vielelezo hivyo nukta kwa nukta na kuvitia katika CATIA, programu iliyoundwa Ufaransa kwa ajili ya kutengeneza ndege! Humo wajenzi wakapata vipimo vya vyuma na vya mabamba ya titani yaliyofunika kuta zilizopinda.

Vyuo navyo vilibadilika. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakati kitivo chake cha usanifu kikiongozwa na Bernard Tschumi, kilianzisha madarasa yasiyotumia karatasi. Maumbo mapya yakazaliwa. Ila kioo kina hila yake: mlango na mji mzima huweza kuonekana sawa kwa ukubwa, maana picha hukuzwa na kupunguzwa apendavyo mtu. Aliyezoea kuchora kwa kipimo cha 1 kwa 50 huujua upana wa mlango kwa vidole vyake. Tena mwalimu anayesahihisha kazi hana budi kujiuliza kama umbo lililo mbele yake limechaguliwa na mwanafunzi, au limependekezwa na programu. Ndiyo sababu katika vyuo vingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado hupewa penseli kwanza.