Staji ya usiku kando ya mtoto wa farasi

Zamani mtoto wa farasi akizaliwa dhaifu, mara nyingi aliachiwa Mungu tu. Miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, munganga wa mifugo Anne Koterba alishirikiana na Willa Drummond, munganga wa watoto wachanga wa binadamu. Mwaka wa 1990 wakatoa kitabu pamoja na Philip Kosch.

Mtoto huyo anazaliwa karibu bila kinga. Anaipata katika maziwa ya kwanza ya mama, na kiisha saa 24 utumbo hauipitishi tena. Tena farasi wengi wanazaa usiku. Ndiyo maana katika hospitali hizo wanafunzi wanakesha kwa zamu: kuhesabu pumzi, kumgeuza, kumlisha kwa mpira.

Basi tujiulize: staji zetu zinatufundisha kukesha, ao kusainisha karatasi tu?