Jibu Lililotengana na Swali Lake: Matumizi ya Usanifu wa Awali katika Historia ya Mbinu za Usanifu wa Kihandisi, 1962–2000

Wanahistoria wa mbinu za usanifu wa kihandisi huanzia kwenye mkutano uliofanyika London mwezi Septemba 1962. Wahandisi, wasanifu majengo na wabunifu wa bidhaa za viwandani walijadili iwapo kazi ya kusanifu yaweza kufuata utaratibu unaoelezeka, badala ya kuachiwa kipaji na mazoea. Miaka miwili baadaye, Christopher Alexander alionesha jinsi utaratibu huo ungeweza kuwa. Katika kusanifu kijiji cha India hakuanza na vijiji vilivyokuwapo. Aliorodhesha mahitaji 141, akayagawa katika makundi kwa njia ya hisabati. Mambo yaliyosanifiwa zamani yalikuwa, kwa mtazamo huo, mzigo wa mazoea.

Insha hii inashikilia kwamba kosa la kizazi hicho halikuwa kuutilia shaka urithi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba urithi ni umbo tu. J. Christopher Jones, aliyekuwa miongoni mwa waandaaji wa mkutano ule, alilitambua jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliporejelea maelezo ya George Sturt kuhusu karakana ya magurudumu na mikokoteni huko Farnham, Uingereza. Mafundi wa Sturt walijua kwa hakika gurudumu liwe na umbo gani, ilhali hawakuweza kueleza kikamilifu kwa nini. Sababu zilikuwa zimefichwa ndani ya kitu chenyewe. Maadamu barabara na mizigo havikubadilika, ukimya huo haukumdhuru mtu.

Mwaka huohuo wa 1970, Werner Kunz na Horst Rittel walipendekeza mfumo wa kuhifadhi masuala, misimamo na hoja zinazojitokeza watu wanapofanya uamuzi wa usanifu. Alexander naye, aliyekwisha kujitenga na harakati aliyosaidia kuianzisha, alishiriki mwaka 1977 kuchapisha ruwaza 253, kila moja ikiunganisha suluhisho na tatizo lake. Mwaka huo pia, Gerhard Pahl na Wolfgang Beitz walitofautisha, kwa Kijerumani, usanifu mpya, usanifu wa kurekebisha kilichopo, na usanifu wa kubadili vipimo tu. Mgawanyo huo ni wa manufaa, lakini unaacha swali gumu: mhandisi atajuaje kwamba kilichobadilika ni kipimo tu?

Tarehe 4 Juni 1996 swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa. Roketi ya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ilisambaratika sekunde zipatazo 40 baada ya kuanza kuruka, pamoja na setilaiti nne za kisayansi za mradi wa Cluster. Kifaa cha kupimia mwelekeo na mwendo wake kilitumia programu ya Ariane 4, ambayo ilikuwa imefanya kazi vizuri. Sehemu moja ya programu hiyo haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi mpya kuondoka ardhini. Katika Ariane 4 iliachwa iendelee kwa muda mfupi ili, urushaji ukisitishwa dakika ya mwisho, maandalizi yarejewe upesi. Ariane 5 ilikuwa na kasi ya mlalo kubwa zaidi mwanzoni mwa safari. Namba ya biti 64 ikashindwa kuingia katika nafasi ya biti 16. Kifaa cha akiba, chenye programu ileile, kilikuwa kimezimika punde kabla ya kile kikuu, kwa sababu ileile.

Ripoti ya tume iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ya Julai 1996, kwa kawaida hunukuliwa kwa ajili ya hizo biti. Kwa maoni ya mtafiti, kifungu chenye uzito zaidi ni kingine. Vigeu saba vilionekana kuwa na hatari; vinne vikakingwa, vitatu vikaachwa ili kompyuta isizidishiwe kazi. Uamuzi huo ulikubaliwa rasmi na wahusika, lakini sababu yake haikuonekana ndani ya programu yenyewe, ikafunikwa na wingi wa nyaraka. Isitoshe, takwimu za njia ya Ariane 5 hazikuingizwa katika masharti ya kifaa hicho. Hapa hatuwezi kuwalaumu mafundi wasiojua kueleza, kama wale wa Farnham. Sababu ilijulikana na ilikuwa na mantiki kwa Ariane 4, ila haikusafiri pamoja na programu.

Setilaiti zilizopotea zilijengwa upya kwa kufuata usanifu uleule, ya kwanza kwa vipuri vilivyobaki, zikarushwa mbilimbili kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur mwezi Julai na Agosti 2000. Kazi zilizokusudiwa kufanya angani zilikuwa zilezile.