Kurudi Maniema juu ya meli ya mizigo: njia ya ziwa Tanganyika

Mtu wa Lusangi, wa Kabambare ao wa Kasongo anayerudi nyumbani kutoka Kigoma na mizigo yake, mara nyingi anavuka ziwa Tanganyika juu ya meli ya mizigo. Meli kubwa ya Liemba, ambayo wengi wanaijua kwa jina, safari yake ya kawaida ilikuwa kutoka Kigoma kushuka upande wa Tanzania mpaka Mpulungu, kule Zambia. Mwenye kwenda Kalemie, Baraka ao Uvira anatafuta chombo kinachobeba saruji, mafuta, unga na chumvi, na anaomba nafasi.

Nafasi yenyewe si kiti. Ni juu ya magunia, chini ya bashi, karibu na mapipa ao kando ya injini. Wafanyabiashara hawalalamiki sana juu ya hiyo, kwa sababu wanataka kulala pale mali yao inalala. Mtu analipia mizigo kwa gunia, kisha analipia na kichwa chake. Saa ya kuondoka haiko kwenye tiketi: meli inatoka ikisha kujaa. Ukiambiwa « leo jioni », nunua chakula cha siku tatu, maana pengine utalala bandarini mara mbili mbele injini iwake. Kutoka Kigoma mpaka Kalemie ni karibu kilomita 125 kwa kukata maji. Baraka ni zaidi kidogo ya 100. Haionekani mbali, lakini chombo kizito kinatembea polepole, na sehemu kubwa ya safari inafanywa usiku.

Njia hii ni ya zamani kuliko mipaka. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa kwa mitumbwi na mashua, kisha ikapanda kwa miguu kupitia Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Livingstone alivuka hapo mwaka 1869, akafika Kabambare mwezi wa Septemba, na vidonda vya miguu vikamkalisha huko miezi mingi. Chumvi ya Uvinza nayo ilivuka ziwa tangu wakati ule. Kiswahili chenyewe kilifika Maniema kwa njia hiyo, pamoja na mambo mengine yasiyo mazuri: pembe za ndovu zilibebwa na watumwa waliofuata njia ileile kwa kurudi, wakitoka kwao, si wakienda kwao.

Wabelgiji walijenga reli kutoka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mpaka Kabalo, ilimalizika 1915. Mwaka huohuo, ngambo ya pili, Wajerumani walikuwa wanaunganisha Kigoma meli waliyoileta vipandevipande kutoka Papenburg, iliyoitwa Graf von Götzen. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokimbia, Waingereza wakaitoa majini, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Wengine walirudi kwa maji haya bila mali yoyote. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa watu waliokimbia vita ya Congo. Kurudi kwa kupangwa na UNHCR kulianza 2005, kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka.

Sasa hatari, na hapa inafaa kusema wazi. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama karibu na Kalemie ikiwa na watu pamoja na mizigo. Zaidi ya watu 120 walikufa. Viongozi wakati ule walitaja upepo, na walitaja pia kwamba ilijazwa kupita kiasi. Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, chombo kingine kilichotoka Minova kilipinduka karibu kufika bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Kila mara swali la kwanza la familia ni lilelile: alikuwemo ao hakuwemo? Kwenye meli ya mizigo kunakuwa na orodha ya magunia, lakini majina ya watu pengine hayaandikwi yote, kwa sababu aliyepanda usiku kwa kuelewana na mabaharia hana karatasi. Kwa hiyo, kuandikisha jina si mambo ya polisi tu. Na mwenye kubaki nyumbani aambiwe jina la meli kwa simu mbele ya kuondoka.

Upepo wa kusini unapiga kwa nguvu tangu Mei mpaka Agosti ao Septemba, na mawimbi yanapanda mpaka kwenye bashi. Wazoefu wanaangalia mambo mawili: maji yamefika wapi kwenye ubavu wa chombo, na makoti ya kujiokoa yako wapi. Yakiwa yamefungiwa chini ya mizigo, ni sawa hayako. Kushuka na kungoja meli nyingine kunauma, maana pesa hairudishwi kirahisi, lakini wako waliofanya hivyo.

Lualaba haisaidii sana upande huu. Maji mazuri kwa meli ni kutoka Kindu kushuka mpaka Ubundu. Kupanda kusini kuna maporomoko, ndiyo maana reli ilijengwa kutoka Kindu mpaka Kongolo na kufunguliwa 1910. Mtu wa Kasongo anayetoka Kindu anatafuta treni ao moto, si meli.

Akishuka Kalemie ao Baraka, msafiri anapita DGM na douane, kisha anatafuta gari. Kutoka Baraka wanapandia Fizi. Kutoka Kalemie wanafuata Bendera na Lulimba, ao wanazunguka Nyunzu na Kongolo kwa wanaoenda Kasongo. Wakati wa mvua sehemu hii inaweza kuchukua siku nyingi kuliko ziwa. Chumvi ndiyo inaumia zaidi: gunia lililolowa ndani ya meli linaendelea kuvuja njiani, na kwenye soko la Lusangi mnunuzi analiinua kwanza kwa mkono mbele ya kuuliza bei.