Kupata madini si kufungua mgodi: historia ya nikeli ya Selebi-Phikwe

1/ Mjadala wa uchumi ukipamba moto hapa Kenya, hukosi mtu wa kusema: "Tumepata madini, sasa deni litalipika." Kabla hujapiga makofi, twende Botswana kidogo.

2/ Mwaka wa 1959 nchi hiyo bado iliitwa Bechuanaland, chini ya Uingereza. Viongozi wa jamii ya Bamangwato waliipa kampuni ya Rhodesian Selection Trust, iliyokuwa ikichimba shaba katika Zambia ya leo, haki ya kutafuta madini kwenye ardhi yao.

3/ Kutafuta ni kazi ya pole pole. Unachukua udongo hapa na pale, unaupeleka maabara. Palipo na nikeli na shaba kupita kawaida, unarudi na mashine ya kutoboa mwamba. Mawe yanayotoka yanakatwa na kupimwa. Shimo moja halitoshi. Lazima ujue mwamba ni mpana kiasi gani na unashuka hadi wapi. Na ukisikia "asilimia 1 ya nikeli", hiyo ni kilo 10 kwa kila tani ya mawe, na hata hizo hazitoki zote.

4/ Walipata Selebi, kisha Phikwe, miaka ya 1960. Uhuru ukaja 1966. Mwaka wa 1967 sheria ikahamisha haki za madini kutoka kwa makabila hadi kwa taifa. Ona vile walivyowahi: mgodi wa nikeli ulikuwa haujafunguliwa, na almasi za Orapa ziligunduliwa mwaka huo huo. Wangengoja pesa ianze kuingia, nani angekubali kuachilia?

5/ Uzalishaji ulianza 1973-74, karibu miaka 15 baada ya mkataba. Halafu tanuri la kuyeyushia likasumbua, bei ya nikeli ikayumba, madeni yakauandama mgodi. Nikeli ilikuwepo kweli, lakini hakuna shimo la majaribio linalokuambia bei ya kesho.

6/ Oktoba 2016 mgodi ulifungwa. Zaidi ya watu 5,000 walipoteza kazi, katika mji uliojengwa kwa ajili ya mgodi huo. Tangu 2022 kampuni ya Kanada imekuwa Selebi ikitoboa tena, kupima kilichobaki.

7/ Turudi nyumbani. Katiba yetu, kifungu cha 62, imeweka madini mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali. Kwa hivyo suala la umiliki tayari lina jibu.

8/ Yaliyobaki ni haya, na wakati wa kuyauliza ni sasa, vipimo vikiendelea: Mashimo mangapi yametobolewa? Nani amepima? Tani ngapi, asilimia ngapi? Mkataba tunaweza kuusoma? Bei ikianguka, nani atabeba deni? Mwanasiasa yeyote akikuambia "tumepata", muulize hayo matano kwanza.