Barua za Mkojo kutoka Ravensbrück

Reinhard Heydrich, kigogo wa SS, kikosi cha Wanazi, alishambuliwa mjini Prague mwezi Mei 1942, akafa siku chache baadaye kwa vidonda vilivyoingia uchafu. Daktari Karl Gebhardt, aliyesimamia matibabu yake, alilaumiwa kwa kutompa dawa za salfa. Akataka kuonyesha kwamba hata angempa, zisingesaidia kitu. Ushahidi akaenda kuutafuta kwenye miguu ya wanawake.

Ravensbrück, kaskazini mwa Berlin, ilikuwa kambi ya wafungwa wa kike. Humo walikuwamo wasichana wa Kipolandi waliokamatwa kwa kupinga uvamizi wa Wajerumani, wengi wao kutoka Lublin. Kuanzia Agosti 1942 walichaguliwa 74. Walipasuliwa miguu, wakatiwa vijidudu, vipande vya mbao na vioo, wengine wakavunjwa mifupa. Waliopona kiasi walitembea kwa kurukaruka, na kambi nzima ikawaita Sungura.

Mfungwa aliruhusiwa kuandika nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa Kijerumani, na kila neno lilikaguliwa. Krystyna Czyż, mmoja wa waliopasuliwa, alipata njia. Katika barua ya kawaida kabisa alitaja kitabu ambacho yeye na kaka yake walikipenda utotoni, hadithi ambayo ndani yake ujumbe hufichwa kwenye herufi za mwanzo wa mistari. Kaka akaelewa. Akaziunga herufi za barua ile, zikasomeka kwa Kipolandi: barua kwa mkojo. Karatasi ikapitishiwa pasi ya moto, na katikati ya mistari ya wino yakajitokeza maandishi ya rangi ya kahawia.

Tangu hapo wenzake kadhaa wakaifanya kazi hiyo pamoja, wakigawana majina ya waliopasuliwa ili orodha nzima ifike Lublin. Ingegunduliwa hata barua moja, wote wangeuawa. Mwaka 1943 walithubutu pia kwenda hadharani kwa mkuu wa kambi kulalamika, baadhi wakiegemea magongo.

Lakini mimi naona ujasiri mkubwa zaidi ulikuwa wa watu wasiopasuliwa. Februari 1945 ilijulikana kwamba Sungura wangeuawa, maana miguu yao ilikuwa ushahidi. Wanawake wa mataifa mengine wakawaficha chini ya sakafu na miongoni mwa wagonjwa, wakawapa namba za wafungwa waliokufa. Asubuhi moja ya kuhesabiwa, wafungwa wa Kisovieti wakazima umeme, na gizani Sungura wakatawanyika. Kambi ilikuwa imefurika watu waliohamishwa kutoka Auschwitz, na rejesta zilikuwa zimevurugika. Germaine Tillion, msomi wa Kifaransa, alitunza filamu ya picha za miguu yao na kutoka nayo kambini Aprili.

Watano walikuwa wamekufa kwa upasuaji, na sita walipigwa risasi. Waliobaki walikuwa 63. Wanne kati yao walisimama mahakamani Nuremberg Desemba 1946 wakaonyesha makovu. Gebhardt alinyongwa 1948. Msaidizi wake, Herta Oberheuser, alihukumiwa miaka 20 lakini akaachiliwa 1952, akafungua zahanati kijijini kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 1956 mfungwa wa zamani wa Ravensbrück alimtambua, na miaka miwili baadaye akanyang'anywa leseni ya udaktari.